UZI: Canberra na majimbo yake walivyotegeana na kukabana koo juu ya ardhi ya Waaborijini

Mzee Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa madini kuna mdau aliandika kwamba Australia walishamalizana na wenyeji wao kitambo, kwamba "1967 walipiga kura wakawapa ardhi yao". Sikutaka kuharibu uzi wa watu kule, nikaona nifungue huu, maana kura ile haikumpa Mwaborijini hata robo eka.

Kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967 ilifanya mambo mawili. Ilifuta kifungu cha 127 cha katiba kilichosema Waaborijini wasiingizwe kwenye hesabu ya watu, na ikaondoa maneno machache kwenye kifungu cha 51 yaliyokuwa yanaizuia serikali ya shirikisho, yaani Canberra, kutunga sheria juu yao wakiwa ndani ya majimbo. Waliosema ndiyo walipita asilimia 90. Ardhi haikuguswa. Ilibaki pale ilipokuwa tangu makoloni sita yaungane mwaka 1901, yaani kwa majimbo: hati, usajili, leseni za malisho, vitalu vya madini.

Hapo ndipo ngoma ilipoanzia. Canberra ikawa na mamlaka ya kutunga sheria, na kifungu cha 109 kinasema sheria ya shirikisho ikigongana na ya jimbo, ya jimbo inakaa pembeni. Jimbo nalo likabaki na ardhi. Halafu kuna kipengele ambacho wengi hawakitaji: Canberra ikitwaa mali ya mtu, katiba inailazimisha ilipe fidia ya haki. Jimbo halibanwi na kifungu hicho. Kwa hiyo kutumia nguvu kuna gharama ya kisiasa na ya hazina pia.

Msimamo wangu ni kwamba tangu 1967 Canberra haijawahi kukosa mamlaka. Imekosa hamu ya kuyatumia kila jimbo linapokunja sura. Na msitafute jibu kwenye vyama, kwa sababu rangi za vyama hapa zinadanganya vibaya.

Nitashusha kwa awamu.

Ndugu Mshangao

Nimeshakaa siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

Chuma cha Geita

Kabla hujashusha, mkuu. Si ndio hawa hawa wanamiliki karibu nusu ya Northern Territory na wana uwezo wa kukataa watafiti wa madini wasiingie? Mimi nipo kwenye sekta, haya tunayajua. Kutegeana kuko wapi hapo?

Mzee Ramani

Chuma, asante, umenirahisishia kazi. Ni kweli karibu nusu ya Northern Territory ni ardhi ya Waaborijini kwa hati isiyouzika. Lakini jiulize kwa nini ni huko na si Queensland, jirani yake wa mashariki. Northern Territory si jimbo. Canberra iliichukua kutoka Australia Kusini mwaka 1911 na ikaitawala moja kwa moja hadi 1978. Huko hakukuwa na waziri kiongozi wa kumkunjia sura mtu.

Kisa chenyewe kilianza rasi ya Gove. Mwaka 1963 serikali ilikata sehemu ya ardhi iliyotengewa Wayolngu ili bauxite (madini ya alumini) ichimbwe. Wazee wa Yirrkala wakaandika malalamiko kwa Kiingereza na kwa lugha yao, wakayabandika kwenye magome ya mti yaliyochorwa nakshi za koo zao, wakayapeleka bungeni. Hayakuzuia mgodi. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 Jaji Blackburn akasema ameona wazi kuwa watu hawa wana mfumo wao wa sheria, ila sheria ya Australia haitambui miliki ya namna hiyo. Wakili wao, Edward Woodward, alishindwa kesi. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Whitlam wa chama cha Labor akamteua huyo huyo Woodward kuongoza tume ya kuchunguza Waaborijini wapewe ardhi kwa utaratibu gani.

Muswada uliotokana na tume uliingia bungeni 1975. Tarehe 11 Novemba mwaka huo Whitlam akafukuzwa kazi na Gavana Mkuu. Kila mtu alidhani muswada umezikwa naye. Aliyeupitisha mwaka 1976, baada ya kuupunguza makali kidogo, ni Malcolm Fraser, mhafidhina mwenye ranchi ya kondoo huko Victoria. Ndiyo maana nikasema msiangalie vyama.

Wenye ardhi wakapewa uwezo wa kukataa uchimbaji. Baada ya marekebisho ya 1987 uwezo huo ukabaki kwenye hatua ya utafiti tu: ukishakubali watafiti waingie, uchimbaji wenyewe huwezi kuukataa tena, unajadili masharti. Kwa hiyo Chuma, "wanazuia uchimbaji" ni nusu ya maelezo.

Binti_Kizimkazi

Maalim, nna suali. 1978 unasema wamepewa serikali yao. Sasa sheria hii ya ardhi ya wenyeji haikwenda nayo? Sisi Zanzibar ardhi si jambo la Muungano, ndio maana nauliza.

Mzee Ramani

Binti, suali zuri mno. Haikwenda. Tarehe 1 Julai 1978 Northern Territory walikabidhiwa karibu kila kitu, lakini sheria ya ardhi ya Waaborijini ikabaki ya Canberra. Wanasiasa wa Darwin, mji mkuu wa Northern Territory, walilichukia jambo hilo, wakaanza kutafuta mianya.

Mwanya mzuri waliupata kwenye maneno ya sheria yenyewe. Ardhi iliyo ndani ya mji ilikuwa haidaiwi. Sasa ng'ambo ya bandari ya Darwin kuna rasi inaitwa Cox, nyumbani kwa Walarrakia na jamaa zao. Wakati dai la rasi hiyo, dai la Kenbi, linaingia kwa Kamishna wa Ardhi, serikali ya Darwin ilikuwa imetoa kanuni za mipango miji zinazopanua mipaka ya "mji" ikavuka maji na kuimeza rasi nzima. Mji wa watu wachache ukawa mkubwa kwenye ramani kuliko majiji makuu ya dunia. Pori, mikoko, fukwe, vyote mjini!

Kamishna alikuwa Jaji John Toohey. Alisema kanuni zimetungwa, hawezi kuchunguza nia ya mtungaji. Suala likapanda hadi Mahakama Kuu ya Australia (yao ndiyo ya mwisho, msiichanganye na ya kwetu), na mwaka 1981 ikasema inawezekana: kama mipaka ilipanuliwa kwa ajili ya kuua dai la watu na si kwa ajili ya mipango miji, kanuni hiyo haina nguvu. Dai la Kenbi liliwasilishwa 1979. Hati zilikabidhiwa 2016, mbele ya Waziri Mkuu Turnbull. Hesabu mwenyewe watoto waliozaliwa mwaka wa dai walikuwa na umri gani.

Ndugu Mshangao

Yaani wamepanua mji kwa kalamu tu? Hapana jamani, hawa ni mafundi.

Mzee Ramani

Mshangao, subiri Queensland.

Kule kulikuwa na Joh Bjelke-Petersen, waziri kiongozi kuanzia 1968 hadi 1987. Mwaka 1976, John Koowarta, Mwaborijini wa kabila la Wik kutoka Aurukun kule rasi ya Cape York, na wenzake waliitaka ranchi iitwayo Archer River, kwenye ardhi ya wazee wao. Hawakudai bure. Kulikuwa na tume ya shirikisho yenye fedha za kuwanunulia Waaborijini ardhi sokoni. Mwenye leseni ya malisho akakubali kuuza. Bei ikakubalika. Kilichobaki ni sahihi ya waziri wa ardhi wa jimbo, kwa sababu leseni haihamishwi bila ridhaa yake.

Waziri akakataa. Na hakuficha sababu: sera ya baraza la mawaziri la Queensland ilikuwa kwamba serikali haipendelei Waaborijini wamiliki maeneo makubwa ya ardhi peke yao. Iliandikwa hivyo, kwa wino wa serikali.

Koowarta akaenda mahakamani akiwa na Sheria ya Kuzuia Ubaguzi wa Rangi ya 1975, sheria ya shirikisho. Queensland ikajibu kwa kuishambulia sheria yenyewe, kwamba Canberra haina mamlaka ya kuitunga. Tarehe 11 Mei 1982 majaji wanne kwa watatu wakasema Canberra inayo, kwa kuwa Australia imesaini mkataba wa kimataifa dhidi ya ubaguzi na mambo ya nje ni ya shirikisho.

Koowarta alishinda. Ranchi hakuipata. Serikali ya Joh ikaitangaza ardhi hiyo kuwa hifadhi ya taifa, na Koowarta akafariki 1991 bila kuishika. Sehemu yake ndiyo iliyotangazwa kurudishwa kwa wenyewe mwaka 2010, chini ya Waziri Kiongozi Anna Bligh.

Njiapanda_KE

Hapo kwa hifadhi ya taifa umenimaliza, buda. Hiyo script tunaijua hadi mistari ya mwisho. Ogiek walishinda serikali yetu kule Korti ya Afrika Arusha 2017, na korti ikasema wazi kuwa kuhifadhi msitu wa Mau si sababu ya kuwafurusha. Lakini uliza kama wanalala Mau na title mkononi.

Swali langu: huyo Fraser si ndiye alikuwa Prime Minister wakati Joh anafanya hizi vituko? Si yeye ndiye alipitisha ile sheria ya 1976? Mbona hakumshika shati?

Mzee Ramani

Njiapanda, umegusa penyewe. Fraser na Joh walikuwa washirika; chama cha Joh kilikuwa ndani ya muungano uliomweka Fraser madarakani. Na alijaribu mara moja. Mwaka 1978 Queensland ilitaka kuchukua usimamizi wa Aurukun na kisiwa cha Mornington kutoka kwa kanisa. Wakazi wakakataa, wakaiomba Canberra msaada. Aurukun ina bauxite, hilo mliweke akilini. Bunge la shirikisho likapitisha sheria haraka: jamii zinazoishi kwenye hifadhi za Waaborijini, yaani ardhi waliyotengewa, Queensland zinaweza kuomba kujitawala.

Joh akasoma sheria, akaona neno "hifadhi". Akazifuta hifadhi zote mbili. Sheria ya Canberra ikabaki haina pa kusimama.

Fraser angeweza kutunga nyingine, au kuitwaa ardhi na kulipa. Badala yake wakakaa mezani, wakakubaliana maeneo hayo yawe halmashauri chini ya sheria ya jimbo, kwa hati ya kupangishwa ya miaka 50. Wakatangaza ushirikiano umepatikana. Waliokuwa wanaishi pale waliomba kujitawala, wakapewa upangaji.

Dobi wa Perth

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nachangia kwa sababu naishi huku. Uzi umesahau Australia Magharibi, na huku ndiko kuna chuma, gesi na dhahabu.

Noonkanbah, 1980. Jamii ya Yungngora walikuwa na ranchi kule Kimberley, iliyonunuliwa kwa fedha za ile ile tume ya shirikisho aliyoitaja Mzee Ramani. Kampuni ya Amax ikapewa ruhusa kutoboa kisima cha mafuta karibu na eneo lao takatifu. Waziri Kiongozi Charles Court akasema kisima kitatobolewa. Vyama vya wafanyakazi vikasusa. Agosti 1980 msafara wa malori zaidi ya 40 ukaondoka kusini kwenda Kimberley ukilindwa na polisi, kilomita zaidi ya elfu mbili, na watu wakauzuia njiani. Waziri wa shirikisho wa mambo ya Waaborijini, Fred Chaney, alikuwa wa chama kimoja na Court na anatoka jimbo hili hili. Alipinga, akasuluhisha, akahangaika. Canberra haikuingilia kisheria. Kisima kilitobolewa na mafuta ya maana hayakupatikana.

Halafu cheki hii. Mwaka 1993 waziri kiongozi wa hapa alikuwa Richard Court. Mtoto wake. Akapitisha sheria ya kufuta haki asili ya ardhi (ile waliyokuwa nayo wenyeji tangu kabla ya wazungu) jimbo zima na kuweka kitu hafifu mahali pake. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ikaifuta, majaji wote saba, hata mmoja hakumuunga mkono.

Chuma cha Geita

Nawasoma, ila mnaegemea upande mmoja. Court, Joh, wote walichaguliwa na wananchi, tena mara nyingi. Jimbo linaishi kwa mrabaha wa madini, linajenga hospitali na barabara kwa hela hiyo. Mtu wa Canberra aliye kilomita elfu tatu anakuja kukuambia usichimbe. Nyie mngekubali? Hilo shirikisho lina maana gani kama ardhi ya jimbo inaamuliwa na wengine?

Mzee Ramani

Chuma, hoja yako ina uzito na ndiyo iliyomwangusha Hawke, kwa hiyo siidharau.

Bob Hawke wa Labor aliingia uwaziri mkuu 1983 na ahadi ya sheria moja ya ardhi kwa nchi nzima. Misingi mitano: hati isiyouzika, ulinzi wa maeneo matakatifu, kauli juu ya uchimbaji, mgao unaolingana na mrabaha, na fidia kwa ardhi iliyopotea. Aliyemkwamisha hakuwa Joh. Alikuwa Brian Burke, waziri kiongozi wa Australia Magharibi, Labor mwenzake. Chama cha wachimbaji wa jimbo hilo kilimwaga matangazo ya televisheni yenye kuwatisha watu kuwa ardhi inakwenda. Burke akamwambia Hawke kauli juu ya uchimbaji haikubaliki kwake. Hawke akaiondoa. Burke akapeleka muswada laini wa jimbo, nao ukaangushwa kwenye baraza la juu mwaka 1985. Machi 1986 Canberra ikatangaza imeachana na sheria ya nchi nzima.

Sasa nikurudishie swali. Pitjantjatjara walipata hati ya zaidi ya asilimia 10 ya Australia Kusini mwaka 1981, kwa sheria iliyoanzishwa na Dunstan wa Labor na kukamilishwa na Tonkin wa Liberal. Jimbo lenyewe, bila kusukumwa na Canberra. Nao walichaguliwa na wananchi. Kwa hiyo "jimbo linaishi kwa madini" haielezi kila kitu.

Binti_Kizimkazi

Na wale waliokubaliana kweli? Hakuna hata kesi moja ambayo serikali mbili zilisaidiana?

Mzee Ramani

Ipo, na ni tamu. Victoria. Serikali ya John Cain ilitaka kurudisha ardhi ya Lake Condah na msitu wa Framlingham kwa wenyewe, baraza la juu la jimbo likagoma. Cain akaiomba Canberra imsaidie, na bunge la shirikisho likapitisha sheria hiyo mwaka 1987 kwa ajili ya Victoria. Jimbo likaomba lenyewe litungiwe sheria juu ya ardhi yake! Ni maeneo madogo, lakini inaonesha mlango ulikuwepo siku zote.

Mabishano ya Uluru, ule mwamba mkubwa uliorudishwa kwa wenyewe mwaka 1985, yalikuwa kinyume chake. Siku ya makabidhiano, tarehe 26 Oktoba, serikali ya Northern Territory ilipinga, na juu ya sherehe ikapita ndege inaburuza bango kwamba mwamba ni wa Waaustralia wote. Aliyekuwa anakabidhi hati ni Gavana Mkuu Ninian Stephen. Mwaka 1982 alikuwa jaji, mmoja wa wale wanne wa Koowarta.

Njiapanda_KE

Fahali wawili wakipigana...

Mzee Ramani

Usiimalizie, Njiapanda. Nyasi za huku zilienda kortini.

Ile hukumu ya Koowarta iliyoonekana ya bure ndiyo iliyookoa kesi ya Eddie Mabo. Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer walipofungua kesi 1982, Queensland ikatunga sheria ya 1985 isemayo haki zozote za visiwani zilikufa visiwa vilipotwaliwa mwaka 1879. Yaani kesi inaendelea, mshtakiwa anatunga sheria ya kuifuta. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaitupa, nne kwa tatu tena, kwa kutumia ile ile Sheria ya Kuzuia Ubaguzi. Bila Koowarta sheria hiyo ya Canberra ingekuwa imeshakufa. Tarehe 3 Juni 1992 hukumu ya Mabo ikatoka, kwamba sheria ya Australia inaitambua haki asili ya ardhi, majaji sita kwa mmoja, na mmoja wa sita hao ni Toohey, yule kamishna wa Kenbi. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki Januari.

Sheria ya Waziri Mkuu Keating ya 1993 juu ya haki hiyo ikafuata, Court mdogo akajaribu bahati yake, Wawik wakashinda tena Desemba 1996, kwamba leseni za malisho peke yake haziui haki hiyo, na Waziri Mkuu Howard akabana mambo kwa marekebisho ya 1998 huku majimbo yakimshangilia. Hapo napita haraka, kila moja linahitaji uzi wake.

Chuma cha Geita

Sawa. Ila hujagusa 2007, na hiyo inakukata kwenye msimamo wako. Canberra hiyo hiyo "isiyo na hamu" iliingia Northern Territory na wanajeshi.

Mzee Ramani

Hainikati, inanibeba. Tarehe 21 Juni 2007 Howard akatangaza hatua za dharura kwa sababu ya ripoti ya udhalilishaji wa watoto, bila kushauriana na serikali ya Northern Territory ya Clare Martin iliyoagiza ripoti hiyo. Kufika katikati ya Agosti sheria zilikuwa zimepita, Canberra imejipa upangaji wa lazima wa miaka mitano juu ya vijiji vya Waaborijini, na Sheria ya Kuzuia Ubaguzi imewekwa kando. Chini ya miezi miwili! Kumbe mamlaka yapo na kasi ipo. Kwa Aurukun walitaka mazungumzo.

Dobi wa Perth

Na nyie mnaodhani ni historia: Juukan Gorge, huku huku Australia Magharibi, 24 Mei 2020. Kampuni ya madini ya Rio Tinto walilipua mapango yenye alama za watu wa miaka 46,000 iliyopita, kwa kibali halali cha jimbo chini ya sheria ya 1972. Jimbo likatunga sheria mpya ya urithi, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye viwanja wakapiga kelele, na mwezi uliofuata serikali hiyo hiyo ikatangaza inaifuta.

Ndugu Mshangao

Swali la mwisho halafu nikalale: wale wa Gove, wa magome ya miti, waliishia wapi? Na nani atalipa, Darwin au Canberra?

Mzee Ramani

Canberra. Ukoo wa Gumatj, kupitia marehemu Galarrwuy Yunupingu, walidai fidia kwa yaliyofanywa wakati Northern Territory iko chini ya serikali ya shirikisho, yaani kabla ya 1978. Canberra ikajitetea kwamba ile kanuni ya fidia ya haki haikuhusu haki asili ya ardhi. Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu ikaikatalia. Yunupingu alifariki Aprili 2023. Hukumu haikutaja kiasi. Hilo ni la mahakama ya shirikisho ya chini kuamua, na hapo mawakili wa serikali ndio kwanza wanakunja mikono ya mashati.